Si Kosa la Mama: Historia Fupi ya Utafiti wa Moyo wa Mtoto

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanapita njiani pamoja na Bwana na kumwona mtu aliyezaliwa kipofu. Hawamsalimu wala hawamuulizi jina lake. Wanachotaka kujua ni nani mwenye kosa: ni yeye mwenyewe, au ni wazazi wake? Bwana anayakataa majibu yote mawili. Kisha anatema mate chini, anafanya tope, na kuanza kazi ya kumponya.

Swali la wanafunzi bado linaulizwa katika sharika zetu. Linaulizwa mtoto anapozaliwa na tundu kwenye moyo, au anapokuwa na sura tofauti na ndugu zake, au anaposhindwa kunyonya na midomo yake ikawa ya buluu. Wengine wanauliza habari za ukoo wa mama yake. Jirani anataja uchawi. Mwingine anakumbusha kwamba mimba ilitangulia ndoa. Tumewaona akina baba wakiondoka nyumbani kwa sababu ya maneno hayo, na tumewaona akina mama wakiacha kuja ibadani kwa sababu hawawezi tena kuvumilia macho ya watu. Wakati huo wote mtoto hapelekwi hospitali, kwa kuwa familia ingali ikimtafuta mkosaji.

Tunaandika insha hii ili tupitie pamoja historia ya watu waliochagua njia nyingine. Kwa zaidi ya miaka 300 wako waliomtazama mtoto wa namna hii kwa uvumilivu, wakauliza moyo wake umejengwaje na unaweza kusaidiwaje. Si wote waliokuwa watu wa dini, na si wote waliotendewa haki na wenzao. Lakini walichokiona kinatuhusu sana. Kasoro za moyo ndizo kasoro za kuzaliwa nazo zinazotokea kuliko nyingine zote. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, wapatao 8 wanazo. Usharika unaobatiza watoto wengi hauwezi kusema kwamba jambo hili ni la watu wa mbali.

Askofu aliyeuchunguza moyo

Tunaanza na mtu wa Kanisa. Niels Stensen, ambaye vitabu vingi humwita Steno, alizaliwa Copenhagen, Denmark, mwaka 1638, akalelewa Kilutheri. Alisomea uganga wa mwili wa binadamu, na mwaka 1664 alitangaza kwamba moyo ni msuli kama misuli mingine. Jambo hilo liliwashtua wengi, maana wasomi wa siku zile waliudhani moyo kuwa chanzo cha joto la uhai au makao ya roho. Baadaye alijiunga na Kanisa Katoliki, akawa padri, na mwaka 1677 akawekwa wakfu kuwa askofu. Mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mwenye heri.

Kabla ya kuwa padri, Steno alikuwa ameupasua mjini Paris mwili wa mtoto ambaye hakuzaliwa hai. Mtoto huyo alikuwa na mdomo uliopasuka na vidole vilivyoshikamana. Ndani ya kifua, Steno alikuta njia ya damu ya kwenda mapafuni ikiwa nyembamba kupita kawaida, na tundu katikati ya vyumba viwili vya chini vya moyo. Aliyaandika hayo mwanzoni mwa miaka ya 1670. Katika zama zile mtoto wa namna hiyo aliitwa zimwi, na watu walimwona kuwa dalili ya hasira ya Mungu. Steno aliandika alichokiona, kiungo kwa kiungo, bila kumlaumu mtu yeyote.

Tangu siku hiyo mambo mawili yalikuwa yamekwisha kuandikwa pamoja: moyo wenye kasoro, na dalili nyingine katika mwili huohuo. Ilichukua karibu miaka 300 kujua kwa nini huandamana.

Mwaka 1888 daktari Mfaransa wa Marseille, Étienne-Louis Arthur Fallot, alieleza kwamba wagonjwa wengi wenye ngozi ya buluu wana kasoro nne zilezile za moyo. Hata leo hospitali zetu huziita kwa jina lake. Fallot alizijua kasoro hizo kwa kuwapasua waliokwisha kufa. Kwa waliokuwa hai hakuwa na dawa.

Aliyeihesabu mioyo

Mtu wa pili ni Maude Abbott wa Kanada. Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal kilikataa kumpokea katika shule ya udaktari kwa sababu alikuwa mwanamke, hivyo akasoma katika chuo kingine na kumaliza mwaka 1894. Baadaye McGill ilimpa kazi ya kutunza makumbusho yake ya udaktari, yaani vyumba vyenye rafu za viungo vya wafu vilivyohifadhiwa ndani ya chupa. Wengi wangeiona kazi hiyo kuwa ya kumweka mtu kando. Abbott akaanza kuipanga ile mioyo. Kila moyo aliulinganisha na mwingine, akaandika tundu liko wapi, mshipa gani umebanwa, na mgonjwa aliishi miaka mingapi.

Mwaka 1936 alichapisha kitabu kikubwa cha picha kilichokusanya habari za wagonjwa 1,000. Kabla yake daktari aliyekutana na mtoto mwenye moyo wa namna hii alimhesabu kuwa ajabu ya pekee. Baada yake daktari aliweza kusema: hali hii inajulikana, ina jina, na wako wengine. Kwa mama aliyeambiwa kwamba nyumba yake peke yake ndiyo iliyopatwa, habari hiyo ingekuwa faraja. Mambo yanayotokea kwa utaratibu uleule Montreal, Marseille na Moshi hayawezi kuwa matokeo ya ugomvi wa koo mbili.

Daktari, fundi seremala na mtoto wa miezi 15

Mwaka 1930 daktari kijana, Helen Taussig, alipewa kuongoza kliniki ya moyo ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani. Utotoni alikuwa amepata shida kubwa ya kusoma, na alipofika utu uzima masikio yake yalianza kuziba. Daktari wa moyo asiyesikia vizuri atafanya nini? Taussig alijifunza kusoma midomo ya watu, na kuyahisi mapigo ya moyo wa mtoto kwa vidole vyake. Aliwaangalia watoto wa buluu mwaka baada ya mwaka, huku wengi wao wakifa mbele yake.

Katika kuangalia huko akagundua jambo. Mtoto akiwa tumboni, upo mfereji mdogo unaounganisha mishipa miwili mikubwa ya moyo, kwa sababu mapafu hayajaanza kazi. Kwa kawaida mfereji huo hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Taussig aliona kwamba watoto wa Fallot ambao mfereji wao umebaki wazi walikuwa na hali nafuu, na ulipofunga hali ikawa mbaya ghafla. Sababu ilikuwa wazi kwake: mfereji ule ulikuwa unapeleka damu ya ziada mapafuni ikachukue hewa. Akawaza kwamba kama mwili umeufunga, mpasuaji anaweza kuutengeneza mwingine.

Alimpelekea wazo hilo Robert Gross wa Boston, ambaye mwaka 1938 alikuwa wa kwanza kufaulu kuufunga mfereji uliobaki wazi kwa mtoto aliyekuwa akidhurika nao. Gross hakuvutiwa na kazi ya kuutengeneza. Mwaka 1941 mpasuaji Alfred Blalock alihamia Johns Hopkins, naye akakubali kujaribu.

Blalock hakuja peke yake. Alikuja na msaidizi wake wa maabara, Vivien Thomas, Mmarekani Mweusi, mjukuu wa mtumwa. Thomas alikuwa fundi seremala na aliweka akiba ili asomee udaktari, lakini benki iliyokuwa na fedha zake ilianguka katika mdororo wa uchumi, na chuo hakukiona. Katika orodha ya mishahara aliandikwa kuwa mfagizi, ingawa kazi yake ilikuwa ya utafiti na upasuaji wa wanyama. Hospitali yenyewe iliwatenga Weusi na Weupe. Ni Thomas aliyefanya majaribio kwa mbwa wapatao 200, akatafuta namna ya kuushona mshipa wa mkono kwenye mshipa wa mapafu, na kutengeneza baadhi ya vyombo vilivyohitajika, kwa kuwa sindano za kutosha udogo huo hazikuwapo.

Tarehe 29 Novemba 1944 aliletwa mezani mtoto wa kike wa miezi 15, ambaye uzito wake haukufika kilo 5. Blalock alimwomba Thomas asimame nyuma yake juu ya kigoda, amwelekeze hatua kwa hatua. Upasuaji ukafaulu. Mtoto alipata nafuu kwa miezi kadhaa, kisha hali ikarudi, akapasuliwa tena, na akafa kabla ya kutimiza miaka 2. Lakini njia ilikuwa imefunguka. Mapema mwaka 1945 mtoto wa tatu kupasuliwa, mvulana wa miaka 6, alibadilika rangi ya midomo palepale mezani, kutoka buluu hadi nyekundu. Wazazi wakaanza kuleta watoto Baltimore kutoka kila upande.

Taarifa ya kitaalamu ya mwaka 1945 ilikuwa na majina mawili, Blalock na Taussig. Jina la Thomas halikuwamo. Ilipita zaidi ya miaka 30 tangu aanze kazi Johns Hopkins ndipo chuo hicho, mwaka 1976, kikampa shahada ya heshima. Tunalitaja jambo hili kwa sababu Kanisa nalo lina watu wake wanaosimama juu ya kigoda nyuma ya mwingine na majina yao hayaandikwi.

Mzazi aliyelala kando ya mtoto

Upasuaji wa Baltimore uliupa moyo njia ya pembeni. Tundu lenyewe lilibaki. Ili kuliziba, moyo lazima ufunguliwe, na ukifunguliwa unashindwa kuipeleka damu mwilini. Ubongo hauwezi kukosa damu kwa zaidi ya dakika chache. Mwaka 1953 John Gibbon wa Philadelphia alitumia kwa mafanikio mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu, akamziba tundu msichana wa miaka 18. Wagonjwa wake waliofuata walikufa, naye akaacha.

Mwaka uliofuata Walton Lillehei wa Chuo Kikuu cha Minnesota alijaribu njia ambayo wenzake wengi waliiogopa. Alimlaza mzazi kando ya mtoto na kuwaunganisha kwa mirija na pampu, ili moyo na mapafu ya mzazi vifanye kazi ya wote wawili wakati moyo wa mtoto umefunguliwa. Wa kwanza, tarehe 26 Machi 1954, alikuwa mtoto wa mwaka mmoja na baba yake. Tundu lilizibwa, lakini siku 11 baadaye mtoto alikufa kwa kichomi. Lillehei aliendelea. Kati ya wagonjwa 45 waliopasuliwa kwa njia hiyo, 28 walitoka hospitali wakiwa hai, wakati ambapo hapakuwa na tumaini lingine kwao. Hakuna mzazi aliyekufa, ingawa mama mmoja aliumia vibaya. Mashine zilipoboreshwa, njia hiyo iliachwa.

Wako waliouliza kama ni haki kuwahatarisha watu wawili kwa ajili ya mmoja, na swali lao lilikuwa la kweli. Wazazi wale walikuwa wameambiwa hatari yote, nao wakakubali kulala mezani. Sisi tunaohubiri habari za Damu moja iliyotolewa kwa ajili ya wengi tunawaelewa. Tukumbuke pia kwamba katika nyumba nyingi kwetu mzazi hulazimika kuchagua kati ya kulala kando ya mtoto mgonjwa na kuwakimbia watu wanaomnyooshea kidole.

Kilichoandikwa ndani ya chembe

Mpaka hapo wataalamu walijua namna moyo ulivyoharibika, lakini si kwa nini. Kila chembe ya mwili ina nyuzi ndogo ziitwazo kromosomu, zenye maagizo ya kuujenga mwili. Mwaka 1956 ilithibitishwa nchini Sweden kwamba mwanadamu ana 46: nusu kutoka kwa baba, nusu kutoka kwa mama.

Mjini Paris profesa Raymond Turpin alishuku kwamba watoto wenye hali iitwayo Down wana hitilafu katika nyuzi hizo. Hali hii Mwingereza John Langdon Down aliieleza mwaka 1866. Daktari Marthe Gautier, aliyekuwa amekwenda Boston kusomea magonjwa ya moyo ya watoto na huko akajifunza kuotesha chembe hai, alianzisha maabara kwa fedha alizokopa mwenyewe, na mara nyingine akatumia damu yake ili chembe zistawi. Ndipo ikaonekana kromosomu ya ziada: 47. Jérôme Lejeune alizipiga picha nyuzi hizo, na Januari 1959 taarifa ilitoka jina lake likiwa la kwanza, la Gautier likiwa limekosewa herufi. Ugomvi wa nani hasa aligundua uliendelea hadi uzee wa Gautier. Lejeune, Mkatoliki aliyewapenda sana watoto hawa, alihuzunika maisha yake yote kuona ugunduzi uliokusudiwa kuwatibu ukitumika kuamua wasizaliwe.

Karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down wana kasoro ya moyo. Kwa miaka mingi, hata upasuaji ulipokuwa umekwisha kujulikana, madaktari wa nchi nyingi walisita kuwapasua, wakiona kwamba maisha yao hayastahili gharama. Utafiti ulikuwa umeondoa lawama juu ya mama, lakini watu wakaendelea kumpima mtoto thamani yake. Jambo hilo sayansi haiwezi kuliponya peke yake. Ni kazi yetu tunaoamini kwamba kila mtoto ameumbwa kwa mfano wa Mungu.

Hadithi ya kromosomu namba 22 inafundisha zaidi. Mwaka 1965 Angelo DiGeorge wa Philadelphia aliwaeleza wenzake habari za watoto waliozaliwa bila tezi ya kifuani inayosaidia kinga ya mwili. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Japani walieleza watoto wenye kasoro za mishipa mikubwa ya moyo na sura zinazofanana. Mwaka 1978 Robert Shprintzen, mtaalamu wa usemi, alieleza watoto wa Marekani wenye sauti ya puani, kaakaa lenye hitilafu, na moyo wenye tundu. Kila mmoja alidhani ana ugonjwa wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 dalili zilianza kuelekeza kwenye kromosomu namba 22, na katika miaka ya 1990 kipimo kipya kikaonyesha kwamba wengi wa watoto hao wana hali moja: kipande kidogo sana cha kromosomu hiyo hakipo. Moyo, kaakaa na tezi za shingoni na kifuani hujengwa kutoka eneo moja la mimba changa. Kwa hiyo agizo moja likikosekana, sehemu nyingi huathirika.

Hapa ndipo swali la wanafunzi linapojibiwa kwa lugha ya maabara. Kati ya watoto 10 wenye upungufu huo wa kromosomu namba 22, karibu 9 wamezaliwa na wazazi wasio nao. Kipande hupotea wakati mbegu ya baba au yai la mama linapotengenezwa, bila tendo wala wazo la mtu. Ndivyo ilivyo pia kwa watoto walio wengi sana wenye hali ya Down. Umri mkubwa wa mama huongeza uwezekano, lakini akina mama vijana nao huwazaa. Na tukiutazama moyo wenyewe, huanza kupiga wiki ya tatu baada ya mimba kutungwa, na ifikapo wiki ya nane vyumba vyake vinne vimekwisha kujengwa. Mama wengi wakati huo ndiyo kwanza wanatambua kwamba ni wajawazito. Mtunga Zaburi wa sura ya 139 alisema kwamba kazi hiyo hufanyika sirini, na ndivyo ilivyo.

Ni haki tuseme pia kwamba ziko sababu zinazozuilika. Mwaka 1941 Norman Gregg wa Australia alionyesha kwamba mama akiugua rubela mwanzoni mwa mimba mtoto huweza kuzaliwa na macho yenye ukungu na moyo wenye kasoro. Mwaka 1962 Taussig yuleyule alisafiri hadi Ujerumani, akarudi kuionya Marekani juu ya dawa ya thalidomaidi iliyokuwa ikiharibu viungo vya watoto tumboni. Pombe na kisukari kisichotibiwa navyo vina hatari. Tanzania iliingiza chanjo ya rubela mwaka 2014. Kuyafundisha haya katika vikundi vya vijana na vya akina mama ni upendo. Kuyageuza kuwa mashitaka dhidi ya mama ambaye mtoto wake amekwisha kuzaliwa ni ukatili, na mara nyingi ni uongo, maana kwa watoto wengi sababu moja haijulikani hata leo.

Sura za watoto wetu

Kwa miaka mingi vitabu vya madaktari vilikuwa na picha za watoto wa Ulaya na Marekani. Daktari wa Kiafrika alijifunza kutambua hali hizi kwa sura ambazo hakukutana nazo kazini. Pua, macho na midomo ya watoto wetu ni tofauti, na hivyo wengi hawakutambuliwa. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walianza kukusanya picha na habari za watoto wa mataifa mengi. Mwaka 2017 walitoa taarifa juu ya upungufu wa kromosomu namba 22 kutoka nchi 11, na madaktari wa Nigeria na Rwanda walikuwa miongoni mwa walioshiriki. Kwa hali ya Down, Kongo nayo ilileta watoto wake. Wazazi waliokubali watoto wao wapigwe picha wamewasaidia watoto wasiowajua.

Upasuaji nao umesogea karibu. Zamani watoto wa Tanzania wenye tatizo la moyo walisubiri kupelekwa India au Israeli. Mwaka 2015 ilianzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete katika eneo la Muhimbili, Dar es Salaam, inayowapasua watoto hapahapa nchini. Kampala ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda. Kenya, hospitali mbili zilizoanzishwa na wamisionari, Mater ya Nairobi na Tenwek ya Bomet, zimewahudumia watoto wengi wa moyo. Safari bado ni ndefu na gharama ni kubwa, lakini haiwezekani tena kusema kwamba hakuna la kufanya.

Yatupasayo

Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku saba kimya, na hapo walikuwa marafiki wema. Walipofungua vinywa kutafuta kosa lake ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakemea. Tunaiomba kila familia na kila mzee wa kanisa akumbuke mpangilio huo.

Mtoto anayetoka jasho na kuhema anaponyonya, asiyeongezeka uzito, au ambaye midomo na kucha zake zinakuwa za buluu, apelekwe hospitali upesi akasikilizwe moyo. Maziwa yakitokea puani kila mara, au mtoto mchanga akipata degedege, ambalo wengi wetu tumezoea kulihusisha na pepo, daktari aelezwe, maana watoto wenye upungufu wa kromosomu namba 22 huweza kuishiwa kalisi katika damu na kupata degedege kwa sababu hiyo. Mtoto mwenye hali ya Down apimwe moyo hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa kasoro nyingine hutibika vizuri zaidi mapema, kabla mapafu hayajaharibika. Maombi yatangulie, yafuatane naye, na yampokee akirudi. Yasichukue nafasi ya safari yenyewe.

Wazazi wakiombwa kupimwa vinasaba, wasidhani wanatafutiwa hatia. Mzazi mmoja akiwa nao upungufu ule, kila mtoto atakayefuata ana uwezekano wa nusu wa kuupata, na kujua hivyo kunasaidia kumhudumia mapema.

Na usharika ufanye sehemu yake. Mtoto huyu abatizwe mbele ya watu kama wenzake, asifichwe. Matoleo ya nauli na damu ya kuchangia vipatikane bila mama kupiga magoti. Baba atembelewe na wanaume wenzake kabla hajakata tamaa, aelezwe yale tuliyoyasimulia hapa kuhusu kromosomu. Mchungaji ayaseme mimbarani kwa maneno ya wazi, kwamba kasoro ya moyo si laana na mama huyu hana kosa, ili anayeketi kiti cha nyuma ayasikie na wanaomsengenya wayasikie pia.

Bwana alisema kwamba katika yule kipofu kazi za Mungu zitaonekana, kisha akainama chini akaanza kufanya tope. Watoto wetu wenye mioyo ya kutengenezwa wanatusubiri tuinuke tuwapeleke.